Kulia kwa Nani? Namna ya Kufumbua Maswali ya Dira na Kugeuka

Mwanafunzi anayemaliza chuo kikuu siku hizi hukutana na mtihani ambao hakufundishwa katika kozi yoyote. Waajiri wengi, wa serikali na wa kampuni binafsi, hawaanzi kwa kumwita mwombaji kazi na kumhoji ana kwa ana. Huanza kwa kumpa karatasi ya maswali ya kupima uwezo wa kufikiri, na yule anayepata alama za chini huishia hapo. Hapa Uganda, Tume ya Utumishi wa Umma ni miongoni mwa taasisi ambazo zimekuwa zikitumia majaribio ya namna hii kuwachuja waombaji wenye shahada. Mtu anaweza kuwa na shahada nzuri ya lugha na fasihi, lakini asifike mbele ya meza ya usaili kwa sababu ya maswali matatu au manne yaliyomshinda.

Katika karatasi hizo kuna aina moja ya swali ambayo haikosekani, nayo ni swali la dira. Mtu anatoka nyumbani kwake, anakwenda kaskazini kilomita kadhaa, anageuka kulia, anakwenda tena, anageuka kushoto. Je, sasa anaelekea wapi, na yuko umbali gani kutoka nyumbani? Wanafunzi wetu wengi wanapoliona swali kama hili husema kwamba hesabu si fani yao, kisha huliruka au hubahatisha jibu.

Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba swali la dira ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la hesabu. Hesabu iliyomo ni ndogo sana: kujumlisha, kutoa, na mara chache kanuni moja ya pembetatu. Wengi wanaokosa hukosa kwa kuwa hawakusoma maneno vizuri. Kwa hiyo mwalimu wa lugha anaweza kulifundisha swali hili, tena kwa faida ya somo lake mwenyewe, maana hakuna zoezi la ufahamu linalodai usomaji makini kuliko hili.

Mifumo miwili ya maneno

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba swali la dira linachanganya mifumo miwili ya maneno ya mwelekeo.

Mfumo wa kwanza ni wa dunia. Humo mna maneno manne: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, pamoja na yale ya katikati kama kaskazini mashariki na kusini magharibi. Pande hizi hazibadiliki. Ukisimama, ukilala, ukigeuka mara kumi, kaskazini inabaki pale pale.

Mfumo wa pili ni wa mwili. Humo mna kulia, kushoto, mbele na nyuma. Pande hizi tunazibeba. Mtu akigeuka, kulia kwake kunageuka pamoja naye. Hata majina yenyewe yametoka mwilini: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na jina lake jingine, mkono wa kuume, linatokana na neno mume.

Swali la dira humtaka msomaji atoke katika mfumo wa mwili na kuingia katika mfumo wa dunia kila mara mtu wa katika swali anapogeuka. Kosa kubwa, ambalo tunaliona katika daftari za wanafunzi mwaka baada ya mwaka, ni msomaji kutumia kulia kwake yeye mwenyewe badala ya kulia kwa yule anayetembea. Mtu anayekwenda kusini, tukimchora katika karatasi ambayo kaskazini iko juu, anashuka kumwelekea msomaji. Wawili hao wanatazamana. Kulia kwa mtembeaji ni kushoto kwa msomaji. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, na si katika kujumlisha kilomita.

Inafaa basi mwanafunzi ayakariri haya manne mpaka yasimsumbue tena:

Anayetazama kaskazini: kulia kwake ni mashariki, kushoto kwake ni magharibi.
Anayetazama mashariki: kulia kwake ni kusini, kushoto kwake ni kaskazini.
Anayetazama kusini: kulia kwake ni magharibi, kushoto kwake ni mashariki.
Anayetazama magharibi: kulia kwake ni kaskazini, kushoto kwake ni kusini.

Lugha zetu zinasema nini

Wanafunzi wetu hawaji darasani mikono mitupu. Kila mmoja ana lugha ya nyumbani, na lugha hizo zina mafunzo makubwa kuhusu jambo hili.

Chukua Luganda. Mashariki ni obuvanjuba, yaani upande linakotoka jua, na magharibi ni obugwanjuba, upande linakoangukia jua. Lakini kaskazini ni obukiikakkono, na kusini ni obukiikaddyo. Ndani ya maneno haya mawili mna kkono, yaani kushoto, na ddyo, yaani kulia. Ni mtu gani ambaye kaskazini iko kushoto kwake na kusini iko kulia kwake? Rudi kwenye orodha yetu hapo juu: ni yule anayetazama mashariki. Majina ya Kiganda yanamchukulia mtu aliyesimama akilitazama jua linapochomoza. Mwanafunzi anayezungumza Luganda ana mstari mmoja wa orodha ile tayari kinywani mwake, nao unaweza kumsaidia kuipata mistari mingine mitatu.

Kiarabu nacho kinamsimamisha mtu vivyo hivyo. Neno la Kiarabu la kaskazini na lile la kushoto yana mzizi mmoja, na jina la nchi ya Yemen lina uhusiano na neno la mkono wa kulia, kwa kuwa Yemen iko kusini mwa Bara Arabu, yaani kulia kwa anayetazama mashariki.

Kinyarwanda kinafuata njia nyingine. Kaskazini ni amajyaruguru na kusini ni amajyepfo. Ndani ya maneno hayo mna wazo la kwenda juu na kwenda chini. Wasomaji walio Rwanda wanayaona maneno hayo kila siku, kwani tangu mwaka 2006 ndiyo majina ya majimbo mawili ya nchi hiyo. Kwa anayechora katika karatasi jina hili ni msaada, kwa sababu kwa desturi ya ramani kaskazini huwekwa juu. Lakini lina mtego wake pia. Juu ya karatasi si juu ya mlima. Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria pale Jinja unaelekea kaskazini, na kama mto wowote unateremka. Mwanafunzi anayefikiri kwamba kwenda kaskazini lazima kuwe kupanda atashangaa akiutazama.

Kiswahili chenyewe kilizipata kaskazini na kusini kutoka baharini. Kaskazi ni upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi ni upepo wa msimu unaovuma kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi. Tukiongeza kiambishi cha mahali -ni tunapata kaskazini na kusini, yaani upande unakotoka upepo huo. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ya mahali pa kuchomoza na mahali pa kutua jua. Tutaona baadaye kwamba ukweli huu mdogo kuhusu pepo unajibu swali zima la mtihani.

Wanaisimu wameuchunguza sana uhusiano wa mifumo hii miwili. Stephen Levinson, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu lugha na nafasi, anaeleza kuhusu Guugu Yimithirr, lugha ya wenyeji wa Queensland nchini Australia, ambayo wazungumzaji wake hutumia pande za dunia hata kwa vitu vidogo vilivyo karibu na mwili, mahali ambapo sisi tungesema kulia au kushoto. Kwa hiyo kutafsiri kutoka mfumo mmoja hadi mwingine si kipaji ambacho wengine wamezaliwa nacho na wengine wamenyimwa. Ni mazoea ya lugha, na mazoea hujengwa.

Maneno ya kuchunga katika swali

Kabla ya kuchukua kalamu, msomaji apige mstari chini ya maneno ya aina tatu.

Kwanza, vitenzi. Kuna tofauti kati ya kutazama, kugeuka na kwenda. Mtu anaweza kugeuka bila kusogea hata hatua moja. Mtu anaweza pia kurudi kinyumenyume huku bado anatazama mbele. Swali likisema "anageuka kulia", limebadilisha mwelekeo wake tu. Mahali alipo ni pale pale mpaka tuambiwe amekwenda.

Pili, viunganishi vya mahali. Katika Kiswahili cha uangalifu, "kaskazini mwa Uganda" si sawa na "kaskazini ya Uganda". Kiambishi mwa kinaonyesha undani. Gulu iko kaskazini mwa Uganda, kwa kuwa imo ndani ya nchi. Sudan Kusini iko kaskazini ya Uganda, kwa kuwa iko nje ya mpaka. Magazeti na redio huzichanganya semi hizi mbili, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Katika swali la mantiki mtu atapotea.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, swali lenyewe la mwisho. Kuna maswali matatu yanayofanana sana:

(a) Sasa anaelekea upande gani?
(b) Yuko upande gani wa nyumbani kwake?
(c) Nyumbani kwake kuko upande gani wa hapo alipo?

Majibu yake huwa tofauti. Swali (a) linauliza mwelekeo wa uso wake. Swali (b) linauliza mahali alipo kwa kupimwa kutoka nyumbani. Swali (c) ni kinyume kamili cha (b). Watunga mitihani wanajua hivyo, na kwa kawaida huyaweka majibu yote matatu katika orodha ya kuchagua, ili aliyesoma haraka akute jibu lake linamngoja.

Kugeuka bila kwenda

Tuanze na maswali ya kugeuka tu. Njia rahisi ni kuzipa pande nne namba, kwa kufuata mishale ya saa: kaskazini 0, mashariki 1, kusini 2, magharibi 3. Kugeuka kulia ni kuongeza 1. Kugeuka kushoto ni kupunguza 1. Kugeuka nyuma ni kuongeza 2. Ukifika 4 au zaidi, toa 4. Ukishuka chini ya 0, ongeza 4.

Mfano wa 1. Okello anatazama kaskazini. Anageuka kulia, kisha kulia tena, kisha kushoto, kisha anageuka nyuma. Sasa anatazama wapi?

Tunaanza na 0. Kulia, 1. Kulia, 2. Kushoto, 1. Nyuma, 3. Namba 3 ni magharibi. Hakuna mchoro uliohitajika.

Swali likitaja nyuzi za pembe, tunatumia namba nane badala ya nne, kila namba ikiwa nyuzi 45: kaskazini 0, kaskazini mashariki 1, mashariki 2, kusini mashariki 3, kusini 4, kusini magharibi 5, magharibi 6, kaskazini magharibi 7. Hapa tunatoa au kuongeza 8.

Mfano wa 2. Nakato anatazama kusini mashariki. Anageuka nyuzi 135 kwa kufuata mishale ya saa, kisha nyuzi 90 kinyume cha mishale ya saa. Anatazama wapi?

Kusini mashariki ni 3. Nyuzi 135 ni hatua 3, tunafika 6. Nyuzi 90 ni hatua 2 za kurudi, tunafika 4. Jibu ni kusini.

Namba hizi nane zinafumbua pia lile swali la dira iliyoharibika, ambalo huwatisha wengi. Tuseme dira imegeuzwa hivi kwamba kusini mashariki inaitwa kaskazini, na kaskazini mashariki inaitwa magharibi. Je, magharibi itaitwaje? Kusini mashariki, yaani 3, imekuwa 0, ambayo ni sawa na 8, imeongezeka 5. Tuhakikishe kwa sehemu ya pili: kaskazini mashariki, yaani 1, imekuwa 6, nayo imeongezeka 5. Basi magharibi, yaani 6, inakuwa 11. Tukitoa 8 inabaki 3. Magharibi itaitwa kusini mashariki.

Kwenda na kugeuka

Swali likiwa na umbali, tunaongeza daftari dogo lenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya kaskazini na kusini. Safu ya pili ni ya mashariki na magharibi. Kwenda kaskazini au mashariki ni kuingiza. Kwenda kusini au magharibi ni kutoa. Mama muuza ndizi sokoni anaiweza hesabu hii.

Mfano wa 3. Mugisha anatoka nyumbani na kwenda kaskazini kilomita 10. Anageuka kulia na kwenda kilomita 5. Anageuka kulia tena na kwenda kilomita 4. Anageuka kushoto na kwenda kilomita 3.

Tufuate hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza, kaskazini, kilomita 10. Kulia kwa anayetazama kaskazini ni mashariki: kilomita 5 mashariki. Kulia kwa anayetazama mashariki ni kusini: kilomita 4 kusini. Kushoto kwa anayetazama kusini ni mashariki: kilomita 3 mashariki.

Sasa daftari. Kaskazini na kusini: 10 toa 4, zinabaki 6 kaskazini. Mashariki na magharibi: 5 na 3, ni 8 mashariki.

Umbali kutoka nyumbani tunaupata kwa kanuni ya Pythagoras. Mara 6 kwa 6 ni 36. Mara 8 kwa 8 ni 64. Jumla ni 100. Na namba inayozidishwa kwa yenyewe kupata 100 ni 10. Mugisha yuko kilomita 10 kutoka nyumbani, ingawa ametembea kilomita 22. Mtihani huchagua namba zinazokubali kanuni hii bila taabu, kwa hiyo inatosha kuyakumbuka makundi matatu: 3, 4 na 5, 5, 12 na 13, 8, 15 na 17, pamoja na namba zinazopatikana kwa kuyazidisha, kama 6, 8 na 10.

Sasa yarudie yale maswali matatu. Mugisha anaelekea wapi? Mashariki. Yuko upande gani wa nyumbani kwake? Kaskazini mashariki. Nyumbani kwake kuko upande gani wa hapo alipo? Kusini magharibi. Safari ni moja na majibu ni matatu, yote ni sahihi kwa swali lake na yote ni makosa kwa maswali mengine. Mwanafunzi aliyefanya hesabu yote vizuri anaweza kupata sifuri hapa kwa kuisoma vibaya sentensi moja.

Tuongeze angalizo moja. Mtu aliye kilomita 8 mashariki na 6 kaskazini hayuko kaskazini mashariki kamili. Angekuwa hivyo kama namba hizo mbili zingelingana. Lakini mitihani ya aina hii huuita upande wowote ulio katikati ya kaskazini na mashariki kwa jina hilo hilo, na msomaji akubaliane na desturi hiyo.

Maswali mengine hayana mtembeaji, yana majengo tu. Mfano wa 4: Soko liko mashariki ya kanisa. Shule iko kusini ya soko. Hospitali iko magharibi ya shule, kwa umbali ule ule ulio kati ya kanisa na soko. Hospitali iko upande gani wa kanisa? Daftari linajibu: tumekwenda mashariki, kisha kusini, kisha tumerudi magharibi kiasi kile kile. Kilichobaki ni kusini. Hospitali iko kusini ya kanisa.

Jua, kivuli na upepo

Mara nyingine swali halitaji upande wowote wa dunia, bali linamwachia msomaji auvumbue kutokana na jua. Kanuni ni kwamba asubuhi jua liko mashariki na kivuli kinaanguka magharibi. Jioni jua liko magharibi na kivuli kinaanguka mashariki.

Mfano wa 5. Jioni moja kabla ya jua kuchwa, Achieng na Birungi wamesimama wakitazamana. Kivuli cha Achieng kinaanguka upande wake wa kulia. Birungi anatazama wapi?

Ni jioni, basi kivuli kiko mashariki. Mashariki iko kulia kwa Achieng. Anayepata mashariki kulia kwake ni yule anayetazama kaskazini. Birungi anamtazama Achieng, kwa hiyo yeye anatazama kusini. Anayekosa hapa hukosa kwa kusahau hatua ya mwisho; amempata Achieng akaweka kalamu chini.

Kwa hakika jua huchomoza mashariki kamili katika siku mbili tu za mwaka, moja mwezi Machi na nyingine mwezi Septemba. Siku nyingine husogea kidogo upande wa kaskazini au wa kusini. Saa sita mchana, kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kivuli huwa kifupi mno, na huanguka kusini au kaskazini kulingana na mwezi. Ndiyo sababu watunga mitihani hutaja asubuhi au jioni na kuiepuka saa sita.

Kuhusu upepo, tukumbuke asili ya maneno yetu. Upepo huitwa kwa jina la kule unakotoka, si kule unakokwenda. Upepo wa kusini ukivuma, bendera inaelekea kaskazini, na moshi wa jiko unaelekea kaskazini. Mwanafunzi anayejua kwamba jahazi zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Arabuni zilisafiri kwa kusi, na zilizokuja huku zilisafiri kwa kaskazi, hatakosa swali hili hata siku moja.

Namna ya kulifundisha darasani

Tunapendekeza hatua tatu kwa walimu wenzetu.

Hatua ya kwanza, anzeni na miguu kabla ya kalamu. Wapelekeni wanafunzi uwanjani, waonyesheni jua linakochomoza, kisha watoleeni amri za gwaride: kulia geuka, kushoto geuka, nyuma geuka. Baada ya kila amri mmoja aseme kwa sauti anatazama upande gani. Dakika 15 zinatosha. Mkirudi darasani, wenye shida waruhusuni waigeuze karatasi kila mtembeaji anapogeuka, ili kulia kwake na kulia kwao kuwe kumoja.

Hatua ya pili, wanafunzi watunge maswali yao wenyewe kwa Kiswahili, wakitumia mahali wanapopajua: kutoka lango la chuo hadi maktaba, kutoka bweni hadi kituo cha teksi. Anayetunga swali hugundua haraka kwamba "kaskazini mwa" na "kaskazini ya" si kitu kimoja, kwa sababu mwenzake atamjibu asilolitarajia.

Hatua ya tatu, watafsiri. Mitihani mingi ya kazi katika nchi zetu huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mwanafunzi akilitafsiri swali kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani kwake, analazimika kuamua kila neno lina maana gani. Wengi huona jibu kabla ya kumaliza kutafsiri.

Hatudai kwamba maswali haya yanapima akili yote ya mtu. Yanapima jambo moja: kama msomaji anaweza kuuacha mwili wake kwa muda na kusimama mahali pa mwingine. Mwalimu wa fasihi huwaomba wanafunzi jambo hilo hilo kila wanaposoma riwaya. Haitakuwa vibaya wakilitumia pia siku ile watakapoketi kuitafuta kazi.

Mazoezi

1. Mtu anatazama magharibi. Anageuka kushoto, kushoto tena, kulia, kisha anageuka nyuma. Anatazama wapi?

2. Mwanafunzi anatoka bwenini na kukimbia kusini kilomita 15, kisha anageuka kushoto na kukimbia kilomita 8. Yuko umbali gani kutoka bwenini, na bweni liko upande gani wa hapo alipo?

3. Ni asubuhi na mapema. Kivuli cha mwalimu kinaanguka upande wake wa kushoto. Mwalimu anatazama wapi?

Majibu: (1) Kaskazini. (2) Kilomita 17. Bweni liko kaskazini magharibi ya alipo. (3) Kaskazini.